Kumheshimu Mzee si Kumkalisha

Ndugu msomaji, katika vijiji vyetu mzee huheshimiwa. Akifika mahali hupewa kiti. Akishika jembe hunyang'anywa. Akitaka kuchota maji huambiwa, "Acha, Mzee. Wewe pumzika. Wajukuu wapo."

Maneno hayo ni mazuri, nayo yanatoka moyoni. Lakini yakifuatwa kila siku, yanaweza kumwondolea mzee nguvu zake. Mimi ni mzee wa miaka 74. Ninakuandikia habari hii kwa sababu imenipata mwilini mwangu.

Miguu kuisha nguvu

Wakati wa masika niliugua malaria kali. Nilitibiwa, nikapona. Lakini nilikuwa nimelala kitandani karibu wiki 3. Wanangu waliogopa sana. Wakaamua kwamba sasa baba yao asifanye kazi yoyote.

Mwanangu wa kwanza alininunulia kiti kizuri chenye mikono. Mkwe wangu aliniletea chakula pale pale nilipokaa. Maji ya kunawa pale pale. Mbuzi wangu wakapewa mjukuu awachunge. Majirani wakipita walisema, "Shikamoo, Mzee. Una bahati ya watoto." Nami niliitikia, "Marahaba," na moyoni nilifurahi.

Baada ya miezi 2 mapaja yangu yalikuwa membamba. Ili niinuke kitini, ilibidi nivutwe mkono. Toka mlangoni hadi kwenye mwembe wetu, nilipumzika mara 2.

Jambo lililoniumiza zaidi ni choo. Wazee wenzangu wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Tulikaa vikundi vikundi, tukasikiliza redio, kisha tukachimba vyoo. Wakati ule nilikuwa kijana, nikishika sururu toka asubuhi mpaka jioni. Choo chetu cha leo nacho ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Siku moja nilichuchumaa, nikashindwa kuinuka. Nilimwita mwanangu, akaja kuninyanyua.

Ndugu msomaji, mtu mzima kunyanyuliwa chooni na mtoto wake ni jambo zito. Wazee wengi wakifika hapo huanza kula kidogo na kunywa maji kidogo, ili wasiende chooni mara nyingi. Hapo udhaifu huzidi.

Kwa nini nguvu hupotea

Nilipelekwa zahanati. Tabibu alinipima, akaona malaria imekwisha. Kisha akaniuliza, "Mzee, kwa siku unatembea kiasi gani?" Nikamwambia natoka kitandani kwenda kitini, na kitini kwenda kitandani. Akasema, "Ugonjwa umepona. Sasa unadhoofishwa na kukaa."

Alinieleza hivi. Mwili wa mtu una misuli. Misuli ni nyama inayoshika mifupa na kuivuta tunapotembea, tunapoinama na tunapoinuka. Misuli ikitumika, hupata nguvu. Isipotumika, hupungua. Kijana akilala kitandani wiki moja, hurudisha nguvu zake upesi. Mzee huzipoteza upesi, na kuzirudisha humchukua muda.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Waliwaweka kitandani siku 10 watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi, ambao hawakuwa wagonjwa. Katika siku hizo 10 tu, miguu yao ilipoteza karibu kilo 1 ya nyama.

Lakini kuna habari njema pia. Mwaka 1990 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mwingine, uliofanywa katika mji wa Boston, Marekani. Wazee 10 dhaifu, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, walipewa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu, chini ya uangalizi. Wazee 9 walimaliza wiki 8 za mazoezi. Nguvu za miguu yao zilifika zaidi ya mara mbili ya zile walizoanza nazo. Maana yake ni kwamba hata mtu wa miaka 90 anaweza kurudisha nguvu.

Mtazame mzee wako. Zipo dalili 5 za udhaifu. Anakonda bila sababu. Anachoka kila mara. Mkono wake haushiki kwa nguvu. Anatembea polepole kuliko zamani. Anafanya kazi kidogo sana. Mzee mwenye dalili 3 au zaidi kati ya hizi anahitaji msaada. Usiseme, "Ni uzee tu."

Mazoezi niliyofanya

Niliporudi nyumbani, nilimwambia mwanangu maneno ya tabibu. Hakupendezwa. Alisema, "Baba, watu watasema tunakutesa." Nikamjibu, "Mwanangu, nisaidie nifanye. Usinifanyie." Akakaa kimya. Kesho yake asubuhi alikiegemeza kiti ukutani, akasimama karibu yangu.

Haya ndiyo mazoezi tuliyoanza nayo. Hayahitaji fedha.

1. Kuinuka kitini. Weka kiti imara, kiegemee ukuta. Kaa. Inuka, simama wima, kisha kaa polepole. Kama huwezi bila mikono, anza kwa kusukuma na mikono. Mimi nilianza na mara 3. Baada ya wiki chache nilifika mara 10, bila mikono.

2. Kuinua visigino. Shika meza au nguzo ya nyumba. Simama kwa vidole vya miguu, kisha shuka polepole. Zoezi hili hutia nguvu miguu ya kutembelea.

3. Kusimama kwa mguu mmoja. Shika nguzo. Inua mguu mmoja kidogo, hesabu hadi 10. Badilisha mguu. Zoezi hili humsaidia mzee asianguke.

4. Kutembea. Siku ya kwanza nilikwenda hadi mwembeni na kurudi. Wiki iliyofuata nilifika kwa jirani. Kisha hadi kisimani.

5. Kubeba kitu chepesi. Nilianza na chupa ya maji ya lita 1, ambayo uzito wake ni kilo 1.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2020. Mtu wa miaka 65 na zaidi ashughulishe mwili kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Hiyo ni kama nusu saa kwa siku, siku 5. Tena siku 3 za wiki afanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Asiyeweza kiasi hicho afanye anachoweza. Kidogo ni bora kuliko kukaa. Kazi ya shamba, kufagia uwanja na kufuata mifugo nazo huhesabiwa.

Misuli hujengwa kwa chakula pia. Ugali na mboga peke yake havitoshi. Mkwe wangu alianza kunipa maharage au kunde kila siku, na dagaa, yai au maziwa vilipopatikana.

Baada ya miezi 3 nilikuwa ninakwenda chooni mwenyewe, ninachuchumaa na kuinuka. Sikurudi kuwa kijana. Ndoo ya lita 20 siibebi tena. Lakini dumu la lita 5 nalibeba, na jioni mbuzi wangu nawafungia mwenyewe zizini.

Mambo ya kuangalia

Mazoezi ya mzee yaanze taratibu. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au kisukari aulize kwanza zahanati. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi, acha mara moja, uende kutibiwa. Ukiamka usisimame ghafla. Kaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Njia ya kwenda chooni iondolewe mawe na iwe na taa usiku. Chooni wekeni gogo imara la kushikia. Fimbo si aibu. Inaweza kukuepusha na kuanguka, na mzee akivunjika nyonga hupata taabu kubwa.

Kwako wewe kijana

Wewe unayesoma habari hii, huenda una baba au mama mzee nyumbani. Usimwachie mizigo mizito. Mzee aliyechoka apumzike. Mgonjwa alale. Lakini akipata nafuu, mnyanyue mapema. Mpe kazi anayoiweza: kuchambua maharage, kumwagilia bustani, kukutembelea shambani kwako. Akichelewa, mngoje. Akiinuka kwa shida, simama karibu, lakini mwache ainuke.

Wahenga walisema, mtembea bure si sawa na mkaa bure, huenda akaokota. Mzee akitembea huokota nguvu zake mwenyewe. Mpe kiti mzee wako apumzike. Kisha mpe na sababu ya kuinuka.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Katika kijiji chenu wazee hukatazwa kazi gani? Zipi wanaziweza?
2. Kwa nini mzee aliyepona ugonjwa asiachwe kitandani?
3. Zitaje dalili 5 za udhaifu.
4. Leo ukifika nyumbani, inuka kitini bila mikono. Umeweza mara ngapi? Andika katika daftari lako.