Bei Mbili za Gari Kuukuu

Bei ya gari kuukuu haiishi siku ya kulinunua. Jambo hili nilifunzwa na safari ya kutoka Migori kwenda Homa Bay. Gari langu lilikuwa limechakaa, lakini lilikuwa na mbio, nami nikajiona bora barabarani. Fundi alinionya kwamba mpira wa kifuniko cha rejeta umekwisha, nikacheka. Nilipopita Rongo mvuke ulifuka, na injini ikazimika.

Sababu yake ni hii. Ziwa Viktoria, lililo mbele ya Homa Bay, liko mita 1,134 hivi juu ya bahari; hapo maji ya sufuria huchemka kwa nyuzi 96 hivi, si 100. Kifuniko kizima huyabana maji ya rejeta yasichemke upesi. Kikiharibika, maji hupotea, na kichwa cha injini huweza kupinda kwa joto.

Kifuniko ni cha fedha kidogo. Injini ilinila mishahara miwili, na karo ya mdogo wangu ilikuwa humo. Alikaa nyumbani muhula mzima, wala hakunilaumu. Basi kabla ya kununua kitu, uliza bei mbili: ya kukipata na ya kukitunza.