Nilimdanganya mama mwenye nyumba, kuku wakaniumbua!

Msomaji wangu, umewahi kutafuta chumba cha kupanga Dar huku roho yako iko hospitali? Basi kaa chini nikupe mkasa wangu.

Mwaka 2023 figo za kaka yangu ziligoma kabisa. Akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara kama saa nne kitandani. Mama akasema liwalo na liwe, figo yake moja atampa mwanawe. Vipimo vikakubali, tarehe ikapangwa Muhimbili. Zamani wagonjwa kama hawa walikuwa wanapandishwa ndege kwenda India, lakini tangu Novemba 2017 kazi hiyo inafanyika hapa hapa Upanga. Tulishukuru Mungu.

Kumbe kazi yangu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Ukoo mzima uko Tabora, mjini niko peke yangu. "Wewe ndiye mwenyeji," wakaniambia kwenye simu. Mwenyeji gani? Nalala chumba kimoja Mbagala, choo cha uani tunachangia familia saba!

Daktari alinipa masharti nikayaandika kwenye daftari. Mtu aliyepandikizwa figo anakunywa dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo ngeni. Ni dawa za maisha, na saa yake ni ile ile. Kinga ikishuka, kila kijidudu kinapata upenyo. Kwa hiyo alale chumba chake, kisiwe na ukungu wala vumbi, maji yachemshwe, wageni wasijazane, mifugo ikae mbali. Na miezi ya mwanzo asikae mbali na hospitali, maana kliniki ni kila mara, na homa ikipanda haisubiri foleni ya Kilwa Road.

Nikaanza na gesti. Ya bei poa niliyoipata ilikuwa shilingi 25,000 kwa usiku. Vyumba viwili, siku 60, milioni tatu! Nikafunga daftari.

Nikaangukia kwa madalali. Mmoja alinizungusha siku nzima, kila chumba elfu kumi ya kuonyeshwa, na kimoja tulimkuta mwenyewe ndani, amelala zake. Halafu wenye nyumba wanataka kodi ya miezi sita, mimi nina ya mitatu tu. Magomeni nako nikasita, mvua ikikolea pale Jangwani maji yanafunga barabara. Hata hivyo nilipata mama mmoja huko aliyekubali miezi mitatu. Nikamweleza habari za kaka. Akarudisha funguo mfukoni. "Mwanangu, mimi sitaki kuanuliwa tanga ndani ya nyumba yangu."

Nilitoka pale nimekasirika, nikaapa sitasema ukweli tena.

Ilala Bungoni nikapata vyumba viwili, choo ndani, mwenye nyumba mama mtu mzima, mjane. "Wanaokaa ni nani?" akauliza. Nikajibu bila kupepesa macho, "Mama yangu na kaka, wanakuja na biashara ya asali kutoka Tabora." Akafurahi. "Basi mtanikumbuka na kopo moja."

Nimeshalipa, nafungua dirisha la chumba cha kaka, naona banda. Kuku kumi na wawili, chini ya dirisha! Nikazuga zuga, mara nasema wanapiga kelele, mara nasema kaka ana mafua. Mama yule ananitazama tu. Zikiwa zimebaki siku tatu kabla ya operesheni nikashindwa. Nikapiga goti mlangoni kwake, nikasema yote.

Alikaa kimya muda mrefu, mimi nahesabu jinsi nitakavyobeba magodoro.

"Kwa hiyo asali hakuna?" akauliza.

"Hakuna, mama."

"Mume wangu aliugua miaka miwili, haya nayajua. Kilichoniuma ni uongo. Ungesema siku ya kwanza, kuku wangekuwa wameshahama."

Jioni ile ile banda lilipakiwa kwenye mkokoteni kwenda kwa mdogo wake Buguruni. Mama yangu alipotoka hospitali, jogoo mmoja alirudi ameshachinjwa, akawa supu.

Kaka naye akaruhusiwa baadaye. Wiki ya tatu pale Bungoni, saa nane usiku, homa ikampanda, anatetemeka kitanda kinalia. Mimi nimeganda kama sanamu. Aliyetoka mbio na khanga moja kumgongea jirani mwenye bajaji ni yule yule mama. Dakika kumi na tano tulikuwa mapokezi. Maambukizi ya njia ya mkojo. "Mmewahi," daktari akasema. Mpaka leo najiuliza, tungekuwa Mbagala ingekuwaje?

Sikudanganyi kwamba kila mwenye nyumba ana moyo ule. Yule wa Magomeni bado yupo, na wenzake ni wengi. Lakini ukweli wangu ulinifukuza nyumba moja tu, na uongo nusura umlaze kaka yangu juu ya banda la kuku.

Kaka sasa yuko kwao Tabora, anakunywa dawa zake, na kliniki anakuja. Kila akija anapitia Bungoni kwanza, na mkononi ana kopo la asali.