Niliacha Kusema Siku Yake Ilifika

Katika machimbo ya mawe nilikokulia, huku Machakos, mtu akifunikwa na ukuta tulisema siku yake ilifika. Tulichanga pesa, tukampeleka kwao, tukamzika, kisha tukarudi kuchimba chini ya ukuta uleule. Hatukuwa watu wa roho ngumu. Nililia nilipowazika wenzangu, na nilipoyatamka maneno hayo niliyaamini kabisa: jiwe lina saa yake, na saa ya jiwe anaijua Mungu peke yake.

Natoa ushuhuda huu kwa sababu imani hiyo imenitoka. Mungu namwamini kuliko zamani. Kilichonitoka ni mazoea ya kumpelekea kazi ambayo mkono wangu ungeweza kuifanya.

Jabali lililonibadilisha halina umaarufu. Wapanda miamba wa Nairobi wanaijua Lukenya, wanalijua Hell's Gate kule Naivasha na mnara wake wa Fischer, na wenye nguvu zaidi huenda Mlima Kenya. Hili letu liko nyuma ya kilima, juu ya shamba la mzee mmoja, na mwenyewe ametuomba tusilitangaze kabla kazi ya kulisafisha haijakamilika, kwa hiyo jina lake nalihifadhi. Sisi wachimbaji tulilipita kila siku bila kulitamani. Jiwe lake ni nais, ule mwamba wa kale wenye mistari myeupe na myeusi uliotapakaa Ukambani, na katikati ya mistari kuna ulanga unaometa. Pale ulanga ulipo mnene, tabaka mbili hazishikani vizuri. Jua hulichoma mchana, baridi ya Julai hulibana usiku, na ngozi ya nje hubanduka kama maganda ya kitunguu. Mizizi ya mitini hupenya kwenye nyufa na kuzipanua. Mvua ya Oktoba hadi Desemba ikishaingia humo ndani, kila kitu hulegea. Kwa mchimbaji, jabali la namna hiyo halina faida, kwa kuwa linatoa vipande visivyochongeka. Kwa mpandaji, ni hatari tupu.

Wapandaji waliokuja kulisafisha walikuwa kikundi kidogo cha vijana wa Nairobi na dada mmoja aliyewaongoza. Walitafuta mtu wa hapa anayejua mawe. Nilidhani wanataka mbebaji. Yule dada alinipeleka mpaka kwenye ukuta, akatoa nyundo ndogo, akagonga mahali pawili na kuniuliza, "Fundi, unasikia tofauti?"

Nilisikia. Mahali pa kwanza jiwe lililia kwa sauti kali, safi, kama linavyolia jiwe zima. Mahali pa pili lilitoa mlio mzito wa kitu chenye uwazi nyuma yake. Sauti hizo nilizijua tangu ujana. Nilizitumia kutafuta mahali pa kupiga patasi ili jiwe lipasuke upesi. Haikuwahi kunijia akilini kwamba sikio hilohilo lingeweza kumlinda mtu.

Kazi ya kusafisha jabali huanzia juu. Ukianzia chini, kila unachokiacha juu yako kinakusubiri. Asubuhi ya kwanza hatukushuka kabisa. Tulikaa kwenye ukingo tukifunga kamba, na niliona wanavyoifunga kwenye nanga mbili zisizotegemeana, ili moja ikiachia, nyingine ibaki. Waliweka kitambaa kinene pale kamba ilipogusa makali ya mwamba. Kila mmoja aliukagua mkanda wa mwenzake kwa macho na kwa mkono, hata wale waliofanya kazi hiyo kwa miaka. Nilitoka mahali ambapo mtu alikagua sururu yake tu. Kuona mtu mzima akisimama mbele yangu, ananishika kiunoni na kuvuta mkanda ili ahakikishe kwamba nitarudi nyumbani, kulinigusa kwa namna ambayo sikuitarajia.

Kisha yule dada akauliza nani yuko chini. Chini kulikuwa na njia ya mbuzi, njia ya watoto wa shule, na kijia cha akina mama wanaoteka maji kisimani. Jiwe halikusukumwa mpaka watu waliposimama pande zote mbili za njia wakiwa na filimbi, na mpaka mwenye shamba alipojulishwa. Mama aliyetaka kupita alipita kwanza, taratibu, na ndoo yake, na sisi tukamngoja.

Kutoa mawe yaliyolegea ni kazi ya nguvu, lakini kazi kubwa zaidi ni kuamua. Unagonga, unasikiliza, unaweka kiganja kwenye jiwe huku ukiendelea kugonga ili uhisi kama linatetemeka. Lingine linaonekana bovu lakini limeshikwa na mwamba wenyewe. Lingine ni zuri kwa macho, lina kishikio safi ambacho kila mpandaji atakitamani, nalo limesimama juu ya udongo na mizizi tu. Kuna kipande kidogo kilichofinywa kati ya vikubwa viwili. Ukikitoa bila kufikiri, vile vikubwa vinakufuata. Machimboni nilijifunza kuchukua chochote kinachoachia. Hapa nilijifunza kuuliza kila jiwe swali moja: mgeni nisiyemjua akilishika hili kwa uzito wake wote, litamwacha? Kama jibu lilikuwa ndiyo, nililiangusha. Kama lilikuwa hapana, nililipiga brashi ya waya kuondoa kuvu na vumbi, nikaliacha kama nilivyolikuta.

Kulikuwa na gamba moja kubwa, refu kuliko mtu, limeegemea katikati ya ukuta. Baadhi ya vijana walitaka libaki kwa sababu ukingo wake ulifanya njia nzuri mno ya kupandia. Tuligonga upande wa kushoto, likalia zima. Upande wa kulia, uwazi mtupu. Mvua moja kubwa ingetosha, na ambaye angekuwa ameling'ang'ania siku hiyo tusingemjua jina. Tuliingiza mitaimbo, halikutikisika. Mwishowe tulileta jeki ya gari, tukaibana kwenye ufa na kuipandisha polepole, kila mmoja wetu akiwa upande wa juu na kamba zetu mbali na njia ya kuangukia. Lilipoondoka, kilima kizima kilisikia, na hewa ikajaa ile harufu ya baruti ambayo mawe hutoa yakigongana kwa nguvu. Nilitazama alama nyeupe lilikotoka, ukubwa wa mlango wa nyumba, nikawafikiria wenzangu niliowazika. Kuta zilizowaua zilikuwa na sauti hiyohiyo. Kama mtu angezigonga, angesikia.

Hapo ndipo nilipobadilika. Haikuchukua muda, na sijarudi nyuma.

Kuhusu bolti, vile vyuma vinavyopachikwa kwenye tundu la mwamba ili mpandaji afungie kamba yake, nimejifunza kuziheshimu na kuzifanyia uchoyo. Bolti nzuri ya chuma kisichoshika kutu, ikiwekwa sawasawa, hutakiwa kuhimili kilonewtoni 25 inapovutwa kuelekea chini, yaani zaidi ya uzito wa tani mbili na nusu. Lakini nguvu hiyo ni ya jiwe kama ilivyo ya chuma. Ukitoboa tabaka lenye uwazi nyuma, umefunga uhai wa mtu kwenye kifuniko. Kwa hiyo unagonga kwanza, unatoboa kwa kunyoosha, kisha unasugua tundu na kulipuliza vumbi lote litoke. Juu ya kila njia tuliweka mbili. Pale penye ufa mzuri, ambapo mpandaji anaweza kupachika vyuma vyake mwenyewe na kuondoka navyo, hatukutoboa chochote. Wapo wanaotaka bolti kila mahali. Mimi nasimama na wanaozipunguza, maana tundu ukishalitoboa halizibiki tena.

Upande wa kulia tulikuta nyuki. Mlio wa mashine ya kutobolea huwachokoza vibaya, na nyuki wetu wakikukuta kwenye kamba huna pa kukimbilia. Nilimwendea mzee mwenye shamba, ambaye amefuga nyuki maisha yake yote, nikitaraji atakuja usiku kuwahamisha. Alicheka kwa upole. "Mwanangu, hao wamekutangulia hapo. Sogeza njia yako." Tuliisogeza. Vivyo hivyo tuliacha mtini mkubwa wa juu, na tuliacha rafu nzima wanakoota jua pimbi, kwa sababu tai mweusi wa miamba huwawinda hapo, na tai huyo akisumbuliwa kiotani anaweza kuyaacha mayai yake. Sehemu hiyo hatuifungui wakati wa kutaga na kulea. Sioni kama ni hasara. Jabali lilikuwa na wenyeji kabla ya sisi kuliona.

Vijana walinisimulia kuhusu Ian Howell, ambaye mwaka 1970 alijenga kibanda kidogo cha mabati kwenye kilele cha Nelion, Mlima Kenya, zaidi ya mita 5,100 juu ya usawa wa bahari. Vifaa vilidondoshwa na ndege kwenye barafu ya Lewis, naye akavipandisha peke yake, akiukwea mwamba ule mara 13. Kibanda kipo mpaka leo, na watu waliokamatwa na usiku kule juu hulala humo. Habari hiyo naipenda kuliko habari zote za waliofika kileleni kwanza. Mtu alifanya kazi yote ile kwa ajili ya watu ambao hangewaona wakilala.

Bado nachimba mawe. Watoto wanasoma na karo haingoji. Lakini nilirudi machimboni na nyundo ndogo. Desturi yetu ilikuwa kuchimba chini ya ukuta mpaka sehemu ya juu ianguke yenyewe, kwa kuwa inaokoa nguvu na lori linajaa mapema. Hicho ndicho kilichokuwa kikitufunika. Niliwaomba wenzangu tuondoe udongo wa juu kwanza, kisha tukate kwa ngazi kutoka juu kushuka. Walinijibu kwa haki kwamba siku za kuondoa udongo hazilipwi. Tulibishana kwa wiki kadhaa. Mwishowe chama chetu kilikubali kuweka fungu dogo kwa kila lori ili kuwalipa wanaosafisha juu. Wenzetu wa machimbo ya jirani hawajakubali, nami naendelea kwenda kuongea nao.

Kila asubuhi sasa, kabla ya yeyote kushuka, mmoja wetu hutembea kwenye ukingo kutafuta nyufa mpya, hasa baada ya mvua. Wiki hii tumeukuta mmoja upande wa magharibi, unaoingiza vidole. Nimeuzungushia kamba. Wenye malori wananung'unika, na vijana wawili wamenifuata nyumbani kuniambia kwamba jiwe bora lote liko upande ule. Wanasema kweli. Nimewaambia upande ule utafunguliwa tukishauteremsha ukuta huo kutokea juu, na nikawauliza ni nani kati yao atakayekuja kesho na mtaimbo kunisaidia.