Bili ya vijiti

Ukifika San Sebastián, mji wa Wabaski kaskazini mwa Uhispania, usiketi baa moja jioni nzima. Wenyeji huhama baa hadi baa, wakionja pintxo moja moja: kipande cha mkate chenye samaki au nyama juu, kilichodungwa kijiti cha kuchokolea meno. Mimi nilipenda gilda, yaani zeituni, pilipili ya achari na samaki mdogo wa chumvi, iliyopewa jina la filamu ya 1946.

Lakini malipo ndiyo yaliyonigusa. Katika baadhi ya baa hizo unajichukulia mwenyewe kwenye kaunta, kisha mhudumu anahesabu vijiti vilivyo sahanini mwako. Ukificha kimoja mfukoni, umekula bure, na hakuna askari mlangoni.

Je, mwanao angerudisha vijiti vyote?