Brashi ya Mwalimu



 Juma hili tunaomba mtuvumilie, kwa maana tafakari yetu inahusu kitu kidogo ambacho wengi wenu hamkitumii tena, nacho ni brashi ya kunyolea ndevu, ile ya kupakia povu la sabuni shavuni kabla ya wembe kupita. Tunaandika habari zake kwa sababu kwa ajili ya brashi kama hiyo tulimkosea mzee mmoja, tena tukiwa mimbarini. Mwenyewe ametupa ruhusa ya kuyasimulia haya, mradi tusitaje jina lake wala kigango chake.

Mzee huyo alikuwa katekista kwa miaka mingi katika kimojawapo cha vigango vyetu vya upande wa Ipinda, na hata leo watu humwita Mwalimu. Kila Jumamosi alasiri, watu wakisharudi kutoka katika mashamba ya mpunga na kakao, yeye huweka kiti chini ya mwembe ulio kando ya kanisa na kuwanyoa wanaume wanaojiandaa kwa Misa ya Dominika. Saluni za Kyela mjini zina mashine za umeme, lakini wazee wa kigango kile, na hata baadhi ya vijana, walipenda mkono wake. Vyombo vyake ni vichache: kioo, taulo, wembe mpya kwa kila mtu, bakuli dogo la udongo lililofinyangwa na akina mama Wakisi wa kule Ikombe, na brashi moja yenye mpini wa mti na nywele ngumu za nguruwe. Fedha anazopata si nyingi, lakini ndizo zinazomnunulia chumvi, sabuni na dawa za mkewe.

Mwaka jana, mwezi wa Aprili, kijana mmoja wa kigango hicho alitokwa na vipele vyenye usaha kidevuni. Ikanong'onwa kwamba chanzo ni brashi ya Mwalimu, na minong'ono hiyo ikatufikia. Badala ya kwenda kumwona mzee, Dominika iliyofuata, tukihubiri juu ya usafi wa moyo, tulitafuta mfano wa kuwachangamsha watu. Tukasema kwamba wapo wanaokuja mbele ya Mungu na nyuso zilizong'arishwa kwa brashi iliyozunguka mashavu ya kijiji kizima bila kuoshwa hata mara moja. Watu walicheka sana. Hatukumtaja mtu, lakini katika kigango chenye kinyozi mmoja hakuna haja ya kutaja. Mwalimu alikuwa ameketi benchi la mbele, mahali pake pa siku zote. Hakucheka, wala hakuinua uso.

Jumamosi mbili zilizofuata kile kiti cha chini ya mwembe kilikaa kitupu. Kisha, Jumatatu moja asubuhi, mvua ikinyesha, tulisikia hodi katika nyumba ya mapadre. Alikuwa Mwalimu, ameegemeza baiskeli ukutani, ameloa mpaka magotini. Akatoa katika mfuko wa nailoni kopo la bati lenye kifuniko, akaliweka mezani.

"Baba," alisema, "nimekuletea mshitakiwa. Mtazame mwenyewe, kisha uniambie kosa lake."

"Mwalimu, karibu kwanza ukae, upate chai."

"Chai nitakunywa, Baba. Fungua kwanza."

Tulifungua. Uvundo ulitoka kabla hatujaona kitu. Nywele zilikuwa zimegandamana kwa masalia ya sabuni, na pale zinapoingia katika mpini palikuwa na weusi wa ukungu. Mpini wenyewe ulikuwa na ufa. Tulipoigusa, nywele kadhaa zilibaki vidoleni mwetu. Moyoni tulijisikia kama tumeshinda kesi, tukamwuliza kwa upole ule wa mtu anayejua jibu: "Mwalimu, hii brashi huwa unaiosha lini?"

"Kila ninapomaliza mtu mmoja, Baba, kabla sijamgusa mwingine. Na jioni naiosha tena kwa sabuni na maji yanayochemka. Halafu naifungia humu kopo lake, vumbi lisiingie. Tangu siku ile ya mahubiri sijaifungua."

Wapendwa, tulinyamaza. Tulikuwa tumetangaza mbele ya watu kwamba brashi ile haioshwi, kumbe ilikuwa ikioshwa kuliko vikombe vyetu vya chai. Tulichosema mimbarini hakikuwa kweli, na hatukuwa tumemwuliza mtu yeyote.

Basi brashi ile iliharibiwa na nini? Tuliketi na Mwalimu kulitafuta jibu, na tunaliandika hapa kwa faida ya wale wanaotumia brashi bado. Nywele za mnyama zimeumbwa kwa protini iitwayo keratini, ile ile iliyomo katika kucha na nywele zetu. Hunywa maji, hulainika, na ndiyo maana brashi ya nguruwe huhitaji kulowekwa dakika chache kabla ya kazi. Lakini maji yaliyoingia lazima yapewe njia ya kutoka. Maji yanayochemka hudhoofisha nywele, hulegeza gundi inayoshika kitita cha nywele ndani ya mpini, na hupasua mti. Kopo lililofungwa nalo huzuia unyevu usitoke. Na hapa kwetu Kyela ni mahali gani? Ni uwanda ulio kati ya ziwa na milima, ambako mvua ya mwaka mmoja hupita milimita 2000. Wakati wa masika chumvi huloa katika kibakuli, viatu huota ukungu chini ya kitanda, na hata hosti tunazihifadhi kwa uangalifu zisije zikalegea. Kuifungia brashi mbichi ndani ya kopo katika mwezi wa Aprili ni sawa na kuuandalia ukungu shamba.

Hapo tulimkumbuka padre mmoja mzee, mmisionari, aliyekuwa mlezi wetu seminarini. Kila asubuhi dirishani pake ilining'inia brashi, nywele zikielekea chini, kwenye kipande cha waya alichokikunja mwenyewe. Sisi mafrateri tulikuwa tukimcheka, tukisema Padre ameanika mkia wa panya. Hatukumwuliza hata siku moja kwa nini anafanya vile. Miaka zaidi ya 20 baadaye, brashi ya Mwalimu ikiwa mikononi mwetu, tulielewa.

Tulichemsha chai, na maji mengine tukayaacha yawe vuguvugu tu. Tulifanya kazi hiyo pamoja, na utaratibu tulioufuata ni huu:

Kwanza, tuliisuuza brashi katika maji ya vuguvugu, tukiikandakanda kwa vidole mpaka sabuni ya zamani ikaanza kutoka nyeupe kama uji. Pili, tuliipaka sabuni laini ya kuoshea nywele, tukaizungusha taratibu kiganjani bila kuikandamiza, kwa maana kuikandamiza huvunja nywele pale shinani. Tatu, tuliiloweka kwa dakika tano katika siki iliyozimuliwa, sehemu moja ya siki kwa sehemu kumi za maji, ili utando uliobaki ulegee. Tulizamisha nywele tu, si mpini. Nne, tuliisuuza tena mpaka maji yakatoka safi, tukaiminya kwa upole bila kuisokota, tukaikung'uta, tukaifuta kwa taulo kavu. Tano, tuliining'iniza dirishani mahali penye upepo, mbali na moto na jua kali, nywele zikielekea chini.

Kwa brashi nzima isiyo na ugonjwa, kazi ya kila siku ni ndogo zaidi: kusuuza, kukung'uta, kufuta, kuanika. Uoshaji ule wa sabuni na siki hutosha kufanywa mara moja kwa mwezi au hata kwa miezi miwili. Brashi mpya huweza kuwa na harufu ya mnyama na kuangusha nywele chache katika majuma ya kwanza, na hilo lisiwatishe. Ikiendelea kuzimwaga baada ya hapo, gundi imeachia. Tena msiihifadhi muda mrefu gizani bila kuitazama, kwa sababu wapo nondo ambao mabuu yao hula nywele za wanyama kama wanavyokula sufi. Mwalimu aliposikia hayo alitikisa kichwa, akasema, "Kumbe nilikuwa naificha ili niilinde, nami ndiye ninayeiua." Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Hata hivyo, haki inatudai tuseme upande wa pili. Hofu ya wale vijana haikuwa ya kijinga. Sisi tunakijua kimeta kama ugonjwa wa ng'ombe na wa nyama ya mzoga, lakini historia inaonyesha kwamba kiliwahi kusafiri ndani ya brashi za kunyolea. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, vita ile ile iliyopiganwa jirani yetu Karonga mwezi Septemba 1914, askari wa Uingereza na wa Marekani, pamoja na raia, waliugua kimeta kutokana na brashi walizonunua. Nywele za farasi kutoka Siberia na China, ambazo awali zilipitia viwanda vya Ulaya na kutakaswa, sasa ziliingia sokoni kwa njia nyingine bila kutakaswa vizuri, zikatengenezwa zifanane na nywele ghali za mnyama mmoja wa ukoo wa nyegere. Vijidudu vya kimeta hujifungia katika gamba gumu na kuishi miaka mingi. Wembe ukikwaruza ngozi, hupata mlango wa kuingia. Waliougua walizidi 200, na mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku kuingiza brashi za kunyolea kutoka Japani.

Kwa hiyo tulimwambia Mwalimu ukweli wote, si ule wa kumfariji tu. Brashi moja isipite nyuso za watu wengi, hata ikioshwa vizuri namna gani, kwa sababu wembe huacha michubuko isiyoonekana, na katika michubuko hiyo ugonjwa hutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Alifikiri kidogo, akauliza, "Na asiye na brashi yake?" Tukashauriana: asiye na brashi apakwe povu kwa mikono iliyonawa sabuni na maji safi. Akaangalia viganja vyake, akasema hivyo havihitaji kuanikwa.

Brashi ile ilikaa dirishani petu siku nne. Uvundo uliondoka, lakini nywele ziliendelea kutoka, na weusi wa shinani haukwisha. Mwalimu aliikubali hukumu bila manung'uniko. Hivi leo anafutia vumbi la baiskeli.

Lilibaki deni letu. Dominika iliyofuata tulirudi kigango kile, tukasimama pale pale tulipokuwa tumesimama, tukasema kwamba tulitoa mfano wa uongo, kwamba kinyozi wa kigango hiki huosha vyombo vyake, na kwamba tulimhukumu bila kumsikiliza. Safari hii hakuna aliyecheka. Baada ya Misa tuliketi katika kiti cha chini ya mwembe, mbele ya watu wote, tukanyolewa. Mikono ya Mwalimu ilitetemeka kidogo mwanzoni, kisha ikatulia. Kuhusu yule kijana, mhudumu wa zahanati alimweleza kwamba vipele kama vile huweza kuletwa na kunyoa kwenyewe, ndevu zikirudi ndani ya ngozi. Hakuna aliyethibitisha kwamba brashi ndiyo iliyokosa, na hakuna aliyethibitisha kwamba haikukosa.

Wateja wamerudi, si wote. Baadhi huja na brashi zao zimefungwa katika kitambaa, na Mwalimu huwauliza kwanza kama usiku zililala nje ya kopo. Lakini kanisani bado hajarudi benchi la mbele. Huketi la tatu, karibu na nguzo. Hatujamwuliza sababu, nasi hatumlazimishi.

Wapendwa, tangu siku ile tumekuwa waangalifu zaidi na maji ya moto. Mwalimu alichemsha maji kwa nia njema, akaunguza alichotaka kukisafisha. Nasi tulihubiri usafi kwa nia tuliyoiona njema, tukamwunguza mtu. Bwana alipowaosha mitume miguu, alimwinamia mmoja mmoja. Mwenye kosa ndugu yako, mwendee nyumbani kwake na maji ya vuguvugu, umwulize kabla ya kumwosha. Ukishamwosha, usimfungie kopo. Mpe nafasi na hewa akauke kwa wakati wake.

Tunawatakia nyote Dominika njema. Mtuombee, nasi tunawaombea.

Ni sisi, Paroko wenu, Kyela.