Mapenzi ya Vitabuni na ya Plotini Kwetu

Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Ndivyo walivyonena wahenga, na sina nia ya kubishana nao. Lakini darasani mwetu kuna kitu kinachofichwa sana, nacho ni vitabu vya Danielle Steel. Wasichana huvipitisha chini ya madawati, majalada yamefunikwa kwa gazeti kana kwamba ni vya Hisabati. Mvulana akionekana na kimoja, basi! Atapewa majina ambayo hata babu yake hakuwahi kuyasikia. Mimi majina hayo ninayo matatu, na bado nasoma.

Mwandishi huyu ni Mmarekani, mzaliwa wa New York mwaka wa 1947. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1973, na tangu hapo ameandika zaidi ya mia moja. Huku kwetu Eastlands hufika zikiwa zimechoka, zimetandazwa juu ya gunia kando ya barabara pamoja na vitabu vya mapishi na Biblia zisizo na jalada. Dada yangu hununua kimoja, akimaliza humpa jirani, jirani naye humpa mwingine, hadi kitabu kinarudi bila ukurasa wa mwisho.

Watu husema ni vitabu vya mabusu na matajiri tu. Kwa vingine hawakosei: mara jumba la kifahari, mara ndege, mara mwanamume mrefu ambaye tangu azaliwe hajawahi kudaiwa kodi ya nyumba. Lakini kuna kimoja, "The Gift", kilichotoka mwaka wa 1994, ambacho kilinikaa moyoni. Ndani yake mna msichana aitwaye Maribeth, umri wake miaka kumi na sita kama wangu. Ameshika mimba, aliyempa mimba hana haja naye, na babake hamtaki nyumbani. Anafika katika mji mdogo wa jimbo la Iowa, anapata kazi hotelini. Hapo anakutana na Tommy, mvulana wa rika lake, ambaye si baba wa mtoto. Wazazi wa Tommy wamefiwa na binti yao mdogo, na tangu wamzike, nyumba yao imejaa kimya, kila mtu na kona yake. Hao ndio wanaomfungulia Maribeth mlango.

Nilipomaliza nilijiuliza, mapenzi yenyewe yako wapi katika hadithi hii? Nikaona yako pale mlangoni. Watu wenye kidonda chao wamempisha mwenye kidonda chake aingie, na kile kimya kikaanza kuondoka.

Baadaye nilisoma "Coming to Birth" cha Marjorie Oludhe Macgoye. Yeye alizaliwa Uingereza mwaka wa 1928, akaja Kenya mwaka wa 1954 kufanya kazi ya duka la vitabu, akaolewa na Mluo mwaka wa 1960, akawa Mkenya kamili hadi alipofariki Nairobi mwaka wa 2015. Riwaya hiyo ilitoka mwaka wa 1986. Paulina wake naye ana miaka kumi na sita! Anashuka kwenye treni Nairobi mwaka wa 1956, wakati wa Hali ya Hatari, kumfuata mumewe Martin mwenye chumba Pumwani. Pumwani si mbali na kwetu, na katika hospitali yake ya kina mama ndiko tulikozaliwa wengi wetu darasani.

Mimba ya Paulina inaharibika. Akitoka hospitalini anapotea njia katika mitaa asiyoijua, na akifika nyumbani mumewe anampiga. Msomaji aliyezoea vile vitabu vingine anangoja mwanamume mrefu aje kumwokoa. Haji! Paulina anajifunza kazi na kujitegemea mwenyewe. Anapata mtoto, na mtoto huyo anauawa kwa risasi katika ghasia za Kisumu za mwaka wa 1969. Hadithi inapofika tamati mwaka wa 1978, yeye na Martin wameanza upya, na ana mimba tena. Miaka ishirini na miwili, bana! Penzi la Macgoye ni kama ujenzi wa mtaani, leo matofali mawili, mwezi ujao pengine hakuna.

Naandika haya kwa sababu katika ploti yetu kuna msichana ambaye jina lake nitalihifadhi. Mwaka jana alijifungua, na muhula huu amerudi darasani. Tangu mwaka wa 1994 sera ya serikali inamruhusu msichana kama yeye kurudi shuleni. Hiyo ni sera nzuri, lakini sera haiwezi kuketi naye dawati moja. Wiki ya kwanza aliketi peke yake. Nikahamia kwake, nikamletea madaftari yangu anakili yaliyompita. Siku hiyo hiyo mtaa mzima ukapata habari kwamba mimi ndiye baba wa mtoto.

Mama aliniita jikoni. "Nasikia unampelekea yule msichana madaftari. Kwani hujui watu watasemaje?"

"Mama, wameshasema tayari."

Alinyamaza kitambo, akageuza chapati. Kisha akasema, "Mwambie awe akija kusomea hapa. Kwao stima imekatwa. Na mtoto amlete, asimwache kwa majirani."

Kwa hivyo siku hizi jioni meza yetu ina madaftari upande huu na mtoto anayetafuna kalamu upande ule. Wanaocheka bado wanacheka, na wengine ni marafiki zangu. Inauma, sitasema haiumi. Lakini Hisabati sasa ananishinda, na mtihani wa mwisho wa muhula ndio utakaotoa jibu.

Mpenzi msomaji, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Soma vitabu vya mapenzi bila kuvifunika kwa gazeti, vya Marekani na vya kwetu. Ila usiishie kuhesabu mabusu. Tazama ni nani anayefungua mlango, kisha utazame katika ploti yenu kama kuna anayebisha hodi.