Mwalimu Hupanda Daraja kwa Daraja



Katika pwani yetu hii, tangu Mikindani hadi Msimbati na mpaka kwenye mlango wa mto Ruvuma, neno "chuo" kwanza lilikuwa la madrasa. Mzazi akisema mwanangu yuko chuoni, kila mtu alifahamu kuwa mtoto yuko mbele ya mwalimu wake, ameshika juzuu. Vyuo vya Serikali vilikuja baadaye, na chuo kikuu baadaye zaidi. Labda ndiyo sababu sisi walimu wa chuo hiki cha kwanza twadhani twavijua vyuo vyote. Dhana hiyo ilitutia katika kosa, na kosa hilo ndilo tutakalo kulieleza leo, ili mzazi mwingine asilirudie.

Sisi tulihitimu Qur'ani kwa baba yetu, kisha tukasoma shule ya msingi hadi darasa la saba. Hatukuchaguliwa kuendelea, na wakati ule shule za sekondari huku kusini zilikuwa za kuhesabika. Mwalimu mmoja aliyetusomesha hesabu naye alikuwa kijana wa darasa la saba tu. Alikuwa miongoni mwa wale walioingizwa kazini katika mpango wa elimu ya msingi kwa wote, uliofuatia Azimio la Musoma la mwaka 1974. Asubuhi alitufundisha sisi, na jioni alikuwa yeye mwanafunzi, akijisomea masomo ya ualimu kwa taa ya kandili. Miaka ikapita, akapata cheti, kisha stashahada. Tulimwona akipanda kwa macho yetu, wala hatukujifunza lolote katika kupanda kwake.

Baadaye mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, alimaliza kidato cha sita. Alama zake hazikumfikisha chuo kikuu, lakini zilimtosha kuingia chuo cha ualimu kusomea stashahada kwa miaka miwili. Nyumba nzima ilishukuru. Nanyi mwajua ya kuwa kwetu kusini mjomba ana kauli kubwa kwa watoto wa dada yake. Basi kauli ilikuwa yetu, na sisi tukamwambia: "Soma ufaulu, upate kazi. Kufaulu ni kufaulu tu."

Kwa vile chuo chake hakikuwa mbali, kila mwisho wa juma tulimwita aje kutusaidia kusomesha watoto madrasani. Msimu wa korosho ulipofika tulimwita shambani kuokota. Alikuja kila tulipomwita, wala hakunung'unika. Mtihani ulipokuja alifaulu kwa wastani wa C. Tukachinja mbuzi, tukasoma Maulidi, naye akaajiriwa kufundisha sekondari.

Mwaka 2018 alitujia baada ya sala ya Alasiri, ameshika karatasi. Alitaka kwenda chuo kikuu kusomea shahada ya ualimu. Karatasi ile ilikuwa na masharti ya Tume ya Vyuo Vikuu, ambayo kwa kifupi huitwa TCU. Ilisema kuwa mwenye stashahada ya ualimu hupokelewa akiwa na wastani wa B. Juu ya hayo, awe na ufaulu usiopungua masomo manne katika kidato cha nne, kila somo kwa alama ya D au zaidi. Masomo manne alikuwa nayo. B hakuwa nayo.

Tukanyamaza. Mwishowe akasema, "Mjomba, sikulaumu." Neno hilo lilituuma kuliko lawama. Laiti angalitulaumu, tungalitafuta la kujitetea. Lakini sote wawili tulijua siku zile za kujisomea zilikwenda wapi: zilikwenda madrasani kwetu na chini ya mikorosho yetu.

Ndugu wasomaji, kila Ijumaa twasoma Suratul Kahf, na humo mna kisa cha Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipotoka na kijana wake kutafuta mahali zinapokutana bahari mbili. Samaki waliyemchukua alikuwa ndiye alama yao. Wakaipita alama bila ya kujua, wakaendelea na safari, hata uchovu ulipowashika na Musa akataka chakula ndipo kijana akakumbuka. Ikawalazimu kurudi wakifuata nyayo zao wenyewe. Sisi tukaao hapa, maji ya Ruvuma yanapokutana na Bahari ya Hindi, tumekisomesha kisa hiki miaka mingi. Siku ile ndipo tulipofahamu kuwa mtu aweza kuipita alama ya safari yake naye anacheka na kuchinja mbuzi.

Lakini Musa hakukata tamaa, alirudi. Na mpwa wetu naye alirudi. Kipo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho kina vituo mikoani, na Mtwara kimojawapo. Kina masomo ya msingi kwa wale ambao sifa zao hazikutimia. Mwenye kuyasoma na kupata GPA ya 3.0 pamoja na masharti mengine yaliyowekwa, huruhusiwa kuomba shahada. Akayasoma huku anafundisha, usiku baada ya Isha. Safari hii sisi hatukumwita shambani.

Sasa sikilizeni habari ya dada yake mdogo. Yeye naye alichagua ualimu, na alipoingia chuoni tulikaa naye barazani siku ya kwanza, si siku ya mwisho. Akafungua daftari, akaandika mwisho wa safari yake juu ya ukurasa, kisha akashuka chini hatua kwa hatua mpaka siku ile tuliyokuwa nayo. Twaona yafaa kuyataja aliyoyaandika, maana yatamfaa kila kijana mwenye nia hiyo.

Kwanza aliandika wastani wa B, si kufaulu tu. Na kwa wale wanaosoma stashahada nyingine za ngazi ya 6, kipimo katika miongozo ya miaka ya karibuni ni GPA ya 3.0. Pili, aliangalia masomo mawili ya kufundishia. Anayejifunza kufundisha Kiswahili na Historia leo, kisha kesho akataka shahada ya kufundisha Hesabu, atakuta mlango umefungwa. Tatu, aliviweka vyeti vyake vyote pamoja, na akahakikisha jina ni moja katika cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha kidato cha sita. Jambo hili ni kubwa kwetu Waislamu, kwani mtoto mmoja aweza kuitwa Mwanahawa nyumbani, Hawa shuleni na Hauwa kwa karani. Nne, kila mwaka alisoma mwongozo mpya wa TCU, kwa kuwa masharti hubadilika.

Tano ni neno zito kwetu sisi tusomeshao dini. Katika kozi nyingi za vyuo vya kati, somo la dini halihesabiwi katika ufaulu unaotakiwa. Sisi tulikuwa tukimfariji mtoto kwa kumwambia, "Umepata A katika Elimu ya Dini ya Kiislamu, yatosha." Kwa akhera yake twatumai itamfaa. Lakini mbele ya karani wa udahili atahitaji na masomo mengine. Mwalimu wa madrasa asiyemwambia mwanafunzi wake haya amemficha sehemu ya haki yake.

Ikabaki mitihani ya watu. Wako waliotuambia kuwa msichana huyu ameshapata stashahada, sasa aolewe, mambo ya chuo kikuu ya nini? Tukawajibu kuwa ndoa haizuii elimu wala elimu haizuii ndoa, na mama wa waumini Bi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa mwalimu wa masahaba wanaume na wanawake. Wengine wakauliza juu ya mkopo wa Serikali, wakichelea riba. Swali hilo ni jema, na Mwislamu hana budi kuliuliza. Twajua kuwa ile nyongeza ya asilimia 6, iliyotozwa kwa jina la kulinda thamani ya mkopo, iliondolewa mwaka 2021. Yaliyosalia katika mkataba na asomewe sheikh anayeaminika kabla ya kutia sahihi, si baada yake.

Wako tena waliouliza ni wapi atasoma. Kipo Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza kufundisha mwaka 2005. Unguja iko Chukwani, ambako chuo cha ualimu kilianzishwa mwaka 1998, nacho leo ni Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Hapa hapa Mtwara pana Stella Maris, ambacho ni cha Wakatoliki, na watoto wa Kiislamu husoma humo. Asiyeweza kwenda mbali asione haya. Baada ya vita vya Badr, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaacha huru mateka waliojua kuandika kwa sharti la kuwafundisha watoto wa Madina, ilhali mateka wale walikuwa washirikina. Elimu haikukataliwa kwa sababu ya aliyeishika.

Binti yetu alipata B yake, akaomba, akakubaliwa Morogoro. Tulimsindikiza hadi stendi alfajiri. Sisi wa kusini twakumbuka zamani, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, masika yakishuka njia ya Dar es Salaam hukatika na msafiri hukwama siku nyingi. Leo basi huondoka alfajiri na kufika siku ile ile. Kaka yake ndiye aliyembebea sanduku. Kabla basi halijaondoka alimpa daftari, lenye masomo aliyoyaandika mwenyewe usiku katika kozi yake ya msingi. Hakusema neno, nasi hatukuuliza.

Enyi wazazi, na nyinyi vijana, njia ya kutoka chuo cha kati kwenda chuo kikuu si njia ya walioshindwa. Ni njia halali ya mwalimu, na pengine humtoa mwalimu aliyekomaa kuliko yule aliyepita njia fupi. Lakini ni njia yenye alama, na alama ya mwisho huwekwa siku ya kwanza. Mtoto wako akiingia chuoni mwulize siku hiyo hiyo, "Wataka kufika wapi?" Kisha umwachie nafasi ya kusoma. Korosho zitaokotwa na mwingine, na watoto wa madrasa, inshallah, hawatakosa wa kuwasomesha. Sisi tungali hai.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, na atusamehe tuliyoyafunga kwa mikono yetu. Amin.